Jumapili Nitakukana, Zakayo

Ndugu yangu Zakayo,

Atieno yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungemuulizia mwanao kabla hata ya kunisalimu mimi. Asubuhi ya leo alikuja kwangu na maziwa kama desturi yake, akaketi, akageukia ukuta, akajichoma sindano yake ya kisukari, akashusha gauni, akaondoka. Amekonda, lakini anatembea na anaongea. Tatizo ni Jumapili. Jumapili hii watu wa kanisa wanahamia kwenye shamba lao jipya ng'ambo ya Awasi, naye anakwenda nao, na ndani ya shamba hilo dawa imekatazwa.

Kwa hiyo na mimi nitapanda lori. Sharti la kupanda ni kwamba kwanza nisimame mbele ya kusanyiko niseme neno juu yako, na sikutaka ulisikie kwa watu wengine. Nitasema kwamba kanisa tulilolianzisha pamoja halikuwa kanisa, na kwamba wewe ulikufa nje ya wokovu.

Nivumilie nikueleze tumefikaje hapa. Ulipoondoka mambo hayakuwa hivi.

Unakumbuka tulivyoanza. Tulifukuzwa kule juu kwenye mashamba ya chai, kila mmoja kwa njia yake, wewe na pampu yako ya baiskeli, mimi na sanduku la vitabu vya maktaba ya shule ambavyo hakuna aliyewahi kuniomba nivirudishe. Tukakutana kambini, kwenye foleni ya blanketi. Nilikuwa nimevaa koti la suti na ndara. Ukanitazama kutoka juu hadi chini, ukasema, "Mwalimu, unaenda harusini au umetoka?" Sikuwa nimecheka tangu siku nyumba yangu ilipoungua. Nilicheka pale hadi aliyekuwa nyuma yetu akadhani tumepewa blanketi mbili mbili.

Hakuna mchungaji aliyetufikia siku zile za mwanzo. Wala wewe hukuhubiri. Ulipita hema kwa hema ukiuliza, "Mmeamkaje?" na ulipofika kwenye hema lisilojibu, uliingia. Hilo ndilo lilikuwa kanisa letu, kabla ya mabati ya Nyamasaria, kabla ya ngoma na kanzu nyeupe. Tulipopata kiwanja ulileta sheria moja tu: asiyefika Jumapili, Jumatatu kanisa lote liende kwake. Tumwimbie mlangoni, tuingie, tule chochote alicho nacho, hata kama ni uji wa jana.

Watu waliinung'unikia sheria ile. Mama Salome alisema yeye anakuja kila Jumapili kwa ajili ya usalama wa kuku wake, Mungu baadaye. Na Ogada alipokasirika juu ya mpaka wa kiwanja akaacha kuja, tulimfuata mpaka baa moja ya Kondele, tukasimama katikati ya meza tukaimba wimbo mzima. Mwenye baa akatuuliza, "Nyinyi hasa mnataka nini?" Ukamjibu, "Tunamtaka yule pale. Na kama una soda, hatukatai." Ogada alirudi Jumapili iliyofuata. Alirudi kwa aibu tu, lakini alirudi.

Tulibishana siku moja juu ya jambo hilo, wewe ukikaza spoki, mimi nimekalia kreti. Nilikutajia alama ambazo wasomi wa dini wamezitumia kulitambua kanisa la kweli: fundisho lililo sahihi, ubatizo na meza ya Bwana, mfululizo wa waliowekewa mikono tangu mitume. Ulizikubali zote, hukuwa mtu wa kudharau vitabu. Ila ukaongeza moja, kwamba kanisa la kweli hujua nani hayupo. Nikakwambia hiyo haiwezi kuwa alama, hata kilabu cha chang'aa hujua nani hayupo. Ukasema, "Basi kilabu kimetutangulia." Hatukuumaliza ubishi ule. Nilidhani tuna muda.

Mtumishi alikuja baada ya matanga yako. Ndivyo alivyotaka tumwite. Jina lingine hatukulijua. Kijana mpole, shati safi, sauti ya chini inayokulazimisha uiname kumsikia. Tulikuwa hatuna mhubiri, maana mimi nikihubiri watu husinzia, unajua. Aliomba nafasi ya kulisalimia kanisa. Akasalimia mpaka jua likasimama utosini, na hakuna aliyetazama nje.

Lazima nikuambie kwamba nusu ya aliyosema ilikuwa kweli. Alisema makanisa mengi ya mji huu yamekuwa maduka yenye vipaza sauti. Kweli. Alisema kanisa la Kristo halipimwi kwa wingi wa watu wala kwa urefu wa jengo. Kweli. Alisema Kristo ana mwili mmoja. Nani atapinga? Kisha polepole, ibada baada ya ibada, akaanza kuchora mpaka wa mwili huo. Mwanzoni ulikuwa mpana, tulienea sote na majirani zetu. Baadaye ukawa mtaa. Mwishowe ukawa sisi tuliomo ndani ya mabati yale, tena si sisi sote.

Na alijua anaongea na watu gani. "Mlihamishwa na wanadamu," alituambia, "ili mjifunze kuhamishwa na Mungu. Mnakokwenda kuna uzio. Hakuna atakayekuja na panga kuwaambia hapa si kwenu." Zakayo, kanisa zima lilishusha pumzi kwa pamoja, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Hilo ni kosa ambalo watu kama sisi tu wangelifanya. Mtu aliyezeeka kwenye boma la babu yake ukimwonyesha uzio, atauliza unamzuia nani. Sisi tuliofukuzwa tunauliza kama una nguvu. Hata mimi niliuliza hivyo moyoni. Nilijisikia nikiuliza.

Kilichokufa kwanza ni Jumatatu. Mtu alikosa ibada, nikajiandaa kwenda kwake kama zamani, Mtumishi akanishika bega taratibu. "Mwalimu, tawi lililokauka halifuatwi." Jina la mtu yule halikutajwa tena. Nilipokutana naye njiani alishuka kwenye baiskeli, akangoja nimwambie tutakuja lini. Nilimsalimu, nikapita.

Kisha ngoma zikanyamaza, kwamba kelele ni za dunia. Ukipita karibu na kanisa Jumapili utadhani hakuna mtu, mpaka uone viatu vimepangwa nje. Watoto wakatolewa shuleni. Mifungo ikaja, ya siku, halafu ya siku kadhaa mfululizo, na watu wakaanza kusalimiana wao kwa wao tu, kwa kuinamisha kichwa. Ukikaa nao unaona jinsi shingo zilivyokuwa nyembamba ndani ya kola. Majirani walifanya mzaha. Vijana wa bodaboda pale steji waliniita, "Mwalimu! Na wewe unaenda mbinguni na lori? Sisi tungekupeleka na piki, tena na helmeti!" Nilicheka nao. Siku hizi hawaniiti tena. Wanatutazama tukipita, wanazima hata redio.

Halafu ikaja Jumapili ya beseni. Beseni kubwa la kufulia liliwekwa mbele, na kila mwenye dawa nyumbani akaambiwa ailete aitie humo. Fundisho lilikuwa kwamba kanisa la kweli halina mganga wa pili. Nikasimama. Nikasema kwamba kanisa la kwanza lilikuwa na tabibu ndani yake na hakuna aliyemtoa. Mtumishi hakukasirika. Alisema, "Mwalimu amesoma sana," kwa upole tu, na watu wakacheka kidogo, wale wale niliowafundisha watoto wao kusoma. Vidonge vikamwagwa kwenye beseni, vyeupe, vya pinki, vya manjano, vikamwagiwa maji, vikatoka povu. Nilimwona Atieno akipeleka mkoba wake wa sindano.

Mama Risper alitia dawa zake za presha siku hiyo. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akiimba sauti ya pili kwa nguvu kuliko ya kwanza. Alianguka kwenye mfungo uliofuata. Sikuitwa. Niliposikia, walikuwa wameshamzika, asubuhi, bila kilio, bila moto wa matanga, bila kungoja shemeji zake kutoka upande wa Ugunja. Mtu wetu amezikwa kama kitu cha kufichwa. Dada yake alifika siku ya pili, akasimama juu ya udongo mbichi akiuliza, "Mmemlaza kichwa upande gani?" na hakuna aliyemjibu, kwa sababu yeye ni wa nje na wa nje hawajibiwi. Alipiga nduru peke yake. Nimesikia nduru nyingi maishani, hata za usiku ule wa kufukuzwa. Ya mtu mmoja peke yake sikuwahi kuisikia.

Nilitoka siku hiyo. Nilitoka pamoja na Mama Salome, Ogada, na wazee wengine wachache, na tangu hapo tunakutana jikoni kwa Salome. Hatuna ngoma. Tunaimba tukipiga sufuria.

Sasa nije kwa Atieno.

Baada ya Jumapili ya beseni nilikaa nikingoja habari mbaya. Badala yake alikuja mlangoni kwangu kukiwa bado na umande, na maziwa ambayo sikuwa nimeagiza. Aliingia, akafunga mlango, akafunua chungu. Chungu chenyewe unakijua. Zamani, alipokuwa msichana na hatukuwa na umeme, ulikuwa ukienda ufuoni kwa baiskeli kuomba barafu kwa wenye samaki ili dawa yake isiharibike, na insulini ikawa inanuka mbuta. Atieno alikuwa akilalamika kwamba anachomwa sindano ya samaki. Kisha daktari mmoja akakuonyesha namna ya chungu kidogo ndani ya kikubwa na mchanga wenye maji katikati, dawa ikakaa baridi bila barafu. Ulipofariki alikileta kwangu kwa sababu chumba changu kina kivuli. Siku ile ya beseni alikuwa amepeleka mkoba mtupu.

Aliniambia, "Baba, usiwaambie. Imani yangu bado ni ndogo. Ikikua nitaacha."

Unaona hali ilivyo? Anawaamini. Anachoma sindano akiwa na aibu ya mwizi. Kila asubuhi ninapomwona akigeukia ukuta najua anaomba msamaha kwa kuendelea kuishi. Nimejaribu kila njia. Nilimwambia kwamba wewe, baba yake, ulimchoma sindano ya kwanza na ukaomba juu yake wakati ule ule, mkono ule ule. Akasema, "Baba alikuwa hajafunuliwa." Nilimwambia nimesoma mababa wa kanisa, hakuna aliyefundisha hivi. Akasema, "Ndiyo maana walipotea wengi." Hakusema kwa kiburi. Alinishika mkono akisema hivyo, kama anayemfariji mgonjwa.

Nadhani najua kilichompata. Maisha yake yote amekuwa mtu wa kupimwa na kuchomwa. Mume alimwacha kwa sababu hiyo hiyo. Wewe ukafa. Akaja mtu mwenye sauti ya chini, akamwambia kwamba ndani ya uzio atakuwa mzima kama wengine. Hakuahidiwa kupona tu. Aliahidiwa watu. Na wanaomwahidi ni wale wale uliowaacha wamtunze, Zakayo, ndio maana neno limemwingia.

Wiki iliyopita asubuhi moja hakuja, na siku iliyofuata hakuja. Alipokuja alikuwa anakunywa maji kama mchanga unavyokunywa, na pumzi yake ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nilikuwa nimeambiwa maana ya harufu hiyo. Alikuwa amejaribu kuacha. Mikono yake haikuweza kushika sindano, ikabidi nimchome mimi, mzee asiyeweza hata kutazama kuku akichinjwa. Alipopata nguvu alilia. Nilidhani analia kwa sababu ameponea chupuchupu. Alikuwa analia kwa sababu ameshindwa.

Nilikwenda kwa chifu msaidizi. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. "Mwalimu, kosa liko wapi? Watu wazima wamenunua shamba, wanahama, wanaomba. Nikiwagusa watasema nazuia ibada." Nikamtajia Mama Risper. Akasugua macho. "Mama alikuwa na presha, Mwalimu. Watu wa presha wanakufa hata hospitalini." Nikamwambia nitakuja tena. Akasema, si kwa ubaya, kwa uchovu tu, "Ukija, niletee kitu ninachoweza kukishika." Nilipofika nje ndipo nilipoelewa kitu hicho ni maiti. Nimeandika malalamiko na kuyaacha pale, na mengine nimeyapeleka polisi. Yatasomwa. Lakini lori ni Jumapili.

Mtumishi mwenyewe alikuja kwangu baada ya hapo. Alivua viatu mlangoni. Nilimpa maji, akanywa, akashukuru. Aliniambia kuna nafasi yangu shambani, nyumba ndogo karibu na mgomba. Alisema, "Wazee waliobaki kwa Mama Salome wanakutazama wewe. Ukiingia, wataingia." Nikamuuliza anataka nini. Anataka nisimame Jumapili, kabla ya safari, niseme kwamba kusanyiko la Zakayo lilikuwa la wanadamu, kwamba mwenyewe hakuwahi kuwa ndani ya kanisa la kweli, na kwamba mimi nimetubu kulishiriki. "Huna haja ya kupaza sauti. Sema tu kwa heshima."

Nikamuuliza, "Na Zakayo, yuko wapi sasa?"

Alifikiri kabla ya kujibu. Hilo lilinitisha kuliko jibu. Kisha akasema, "Aliko, hajui kwamba angeweza kuwa kwingine."

Aliinuka, akavaa viatu vyake, akanitakia amani. Chungu kilikuwa hatua chache kutoka goti lake.

Nimewaza sana tangu hapo, na nitakueleza mawazo yangu kwa mpangilio, maana wewe ulipenda kusikia hoja nzima hata usipokubaliana nayo. Kanisa la kweli likiwa ni kama asemavyo yeye, nyumba yenye ukuta na funguo mkononi mwa mtu, basi Jumapili neno langu litakutupa nje kweli, nami nitakuwa nimefanya kitu cha kutisha. Lakini ikiwa ni kama ulivyoamini wewe, hakuna ulimi unaoweza kumtoa mtu mikononi mwa Mungu, basi neno langu litaanguka chini kama ganda. Hukuwahi kumfukuza mtu. Nilidhani ni ulaini wa tabia. Sasa naona lilikuwa fundisho. Ulikataa kazi hiyo kwa sababu uliamini si ya mwanadamu yeyote.

Ila sitajidanganya kwamba uongo wangu utakuwa mtakatifu. Ni uongo. Nitausema nikiwa nimevaa kanzu nyeupe, mbele ya mwanao, naye ataamini kila neno. Nilipomwambia kwamba nakwenda nao, alinikumbatia akacheka, kicheko chako kile cha puani. Akasema, "Sasa nina baba ndani." Ananidhania nimeokoka. Sikumwambia kwamba nabeba chungu, kwa sababu angeona ni wajibu wake kuungama. Anasema Jumamosi ndiyo sindano yake ya mwisho. Nimeitikia kwa kichwa.

Wazee nimewatembelea mmoja mmoja, ili jina langu lisimvute mtu yeyote kwenye lori lile. Ogada alitaka kuja na fimbo. Nilimzuia, wakipigana, lango litafungwa na Atieno atakuwa upande wa ndani. Mama Salome nilimkuta anachambua omena. Nikamwambia, "Jumapili nitamkana Zakayo mbele ya watu. Usiniamini." Hakuinua hata macho. "Petro alimkana mkubwa kuliko Zakayo," akasema, "na kilichompata ni jogoo tu kuwika." Kisha akaweka ungo chini. "Na sisi tutajuaje kama bado unadanganya? Wakikufungisha njaa mwezi mzima, Mwalimu, si utaanza kuamini?"

Hapo aligusa penyewe. Njaa siiogopi sana, mimi na wewe tumeshakula maboga mabichi barabarani. Ninaogopa kuzoea. Naogopa ile sauti ya chini, kila asubuhi, ikisema jambo ambalo nusu yake ni kweli, na mimi nikiwa mzee, nimechoka kuhamishwa, na kuna uzio, na kuna mgomba mbele ya nyumba. Nimekuwa nikitamani mgomba kwa miaka mingi.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Kila Jumatatu wazee watasafiri mpaka Awasi, waende mpaka kwenye uzio, waimbe. Mimi nitajibu kwa kuimba sauti ya pili, ile ya Mama Risper, hata kama nitakuwa naimba ndani ya shimo la choo. Wasipoisikia, au wasipomsikia Atieno, watakwenda moja kwa moja polisi na hawatatoka pale mpaka gari liwashwe. Salome amesema watalala kwenye kaunta. Namjua, atalala. Nimemwambia pia kwamba nikitoka mlangoni nikasema, "Rudini, tuna amani huku," asinisikilize, aje haraka zaidi.

Sista, muuguzi wa kliniki ya Atieno, amenifundisha kuchoma sindano vizuri. Nimefanya mazoezi kwenye chungwa mpaka chungwa likawa linavuja. Alinieleza jambo ambalo limekaa nami kama jiwe: mfungo na sindano haviendi pamoja. Bila sindano sukari itamuua. Akichomwa bila kula, sindano itamuua, tena upesi zaidi. Nimeshonea vipande vya sukari nguru ndani ya koti langu la suti, lile lile. Nalitumaini koti hilo kuliko maktaba yangu yote. Chungu nacho nimekipanda miche ya managu juu ya ule mchanga. Wakikagua watamwona mzee na mboga zake.

Kuna jambo sijui, na sista hajui. Sijui kama Atieno atanikubalia. Nikimfunulia chungu siku ya kiu yake, anaweza kunyoosha paja lake, na anaweza kuita watu. Nimeliwaza hili kila namna. Sina njia ya kulijua kabla sijafika, na nikingoja mpaka nilijue nitakuwa nimechelewa.

Lori limeshaletwa. Limeegeshwa kando ya kanisa tangu jana, limefunikwa turubai, na watu wanapakia bila kuongea. Wamebeba majembe. Nimeangalia sana nikitafuta mbegu, hata gunia moja la mahindi, na sijaliona. Nilimuuliza kijana anayepakia, "Mtapanda nini huko?" Akatabasamu, akasema, "Mwalimu, si ni majembe ya kuchimbia tu."

Nitakuaga sasa. Nimekuandikia ukiwa bado ndugu yangu kwa kinywa changu na kwa moyo wangu. Baada ya Jumapili itabaki kwa moyo tu, mpaka nitoke. Ukisikia sauti yangu ikisema maneno yale, jua ni sauti ya mtu anayepita langoni akiwa ameinama kwa sababu lango ni fupi. Usimwombe Mungu anisamehe kwanza. Mwombe mikono yangu isitetemeke.

Lala, ndugu yangu. Nakuahidi hivi, na siahidi zaidi ya ninavyoweza: Atieno nitatoka naye. Nikishindwa kutoka naye, hatakuwa peke yake.

Wako,
Mwalimu